Jua Lilivyokaa Katikati: Safari ya Karibu Miaka 300

Tunaposema jua limechomoza au jua limezama, hakuna anayetushika uongo. Saa yetu yenyewe ya Kiswahili inahesabiwa kwa kutoka na kuchwa kwake. Macho yanaliona jua likipanda, likifika utosini, likiteremka upande wa pili. Ardhi nayo tunaikanyaga imetulia tuli. Kumwambia mtu kwamba ni ardhi hiyo ndiyo inayokwenda, tena kwa kasi ya kilomita 30 kila sekunde, ni kumtaka ayakane macho yake na nyayo zake kwa wakati mmoja.

Simulizi tuliyoizoea kuhusu jambo hili ni fupi: Galileo aliuona ukweli, Kanisa likamhukumu, mwishowe ukweli ukashinda. Hukumu ilikuwepo, ilikuwa dhuluma, na sina nia ya kuipunguzia uzito. Lakini simulizi hiyo inaruka swali lililo gumu zaidi. Wazo la jua katikati lilichapishwa kitabuni mwaka 1543, na kipimo cha kwanza cha kuaminika kilichoonyesha nyota ya karibu ikihama dhidi ya zile za mbali, kwa sababu tunaitazama kutoka pande mbili za jua, kilipatikana mwaka 1838. Kati ya miaka hiyo miwili watu wengi waliosoma, wakiwemo mapadri, walihama upande mmoja kwenda mwingine. Walihamaje kabla ya kipimo hicho kupatikana? Jibu langu ni kwamba walianza kulitumia wazo hilo kwa hesabu zao muda mrefu kabla ya kuliamini, na kadiri lilivyozidi kufanya kazi ndivyo waliolipinga walivyobaki na pingamizi moja tu, kisha wakabaki hawana hata hilo.

Tuanze na mpangilio wa zamani, maana ulikuwa na akili kuliko unavyosimuliwa. Klaudio Ptolemaio, aliyeishi Aleksandria nchini Misri katika karne ya 2, aliiweka dunia katikati na kuzipa sayari duara juu ya duara. Hakufanya hivyo kwa kupenda mambo magumu. Ukiifuatilia Mirihi usiku baada ya usiku utaiona ikisonga mbele katikati ya nyota, ikasimama, ikarudi nyuma kwa wiki kadhaa, kisha ikaendelea na safari yake. Duara dogo juu ya duara kubwa lilieleza kurudi huko, na hesabu zake zilitosha kupanga kalenda na kutabiri kupatwa kwa mwezi. Wanafalaki wa Kiislamu waliirithi kazi hiyo na kuikosoa. Nasir al-Din al-Tusi, aliyeongoza kituo cha kutazamia nyota cha Maragha huko Uajemi katika karne ya 13, na Ibn al-Shatir wa Damascus katika karne ya 14, walibuni njia mpya za kupanga miduara hiyo ili kuondoa kasoro walizoziona kwa Ptolemaio. Neno letu falaki limetoka katika Kiarabu, lugha waliyoiandikia, na mbinu za wataalamu hao wawili zinaonekana, karibu vilevile zilivyo, ndani ya hesabu za Copernicus.

Nicolaus Copernicus hakuwa mwasi. Alikuwa kanoni, yaani mjumbe wa baraza linaloendesha kanisa kuu, huko Frombork, kaskazini mwa Poland, akishughulika na mali za kanisa, tiba na hesabu za mbingu. Alichokiona ni hiki: ukiliweka jua katikati na kuifanya dunia sayari kama nyingine, kule kurudi nyuma kwa Mirihi hakuhitaji duara la ziada. Ukiwa ndani ya basi linalolipita lori barabarani, lori huonekana kana kwamba linarudi nyuma ukilitazama dhidi ya milima ya mbali. Lori halijarudi popote. Wewe ndiye uliyelipita. Dunia inaipita Mirihi hivyo hivyo, kwa sababu iko karibu zaidi na jua na inakimbia zaidi. Zaidi ya hapo, sayari zilijipanga zenyewe kwa utaratibu: iliyo karibu na jua inalizunguka haraka, iliyo mbali inachelewa. Kwa Ptolemaio mpango huo haukuwepo.

Kadinali Nikolaus Schönberg alimwandikia mwaka 1536 kumsihi atoe kazi yake, na barua hiyo ikachapishwa mwanzoni mwa kitabu. Aliyemshawishi mpaka akakubali ni Rheticus, mwalimu kijana wa Kilutheri kutoka Wittenberg. Kitabu kilitoka Nuremberg mwaka 1543, kikiwa kimetabarukiwa kwa Papa Paulo wa Tatu, na mwandishi akafariki mwaka huohuo. Mchungaji Andreas Osiander, aliyesimamia uchapaji, alitia dibaji bila jina lake, akisema kwamba haya ni makisio ya kurahisisha hesabu tu, msomaji asiyachukue kuwa kweli. Wasomaji wengi walidhani maneno hayo ni ya Copernicus mwenyewe.

Dibaji hiyo haikuwa ya kweli kwa mtunzi wake, lakini ilifungua mlango. Luther alikuwa ameshalikejeli wazo hilo mezani kwake mwaka 1539, akitaja Yoshua aliyeliamuru jua lisimame, wala si dunia. Hata hivyo ni katika chuo cha Wittenberg, nyumbani kwa Walutheri, ambako Erasmus Reinhold alitoa mwaka 1551 majedwali mapya ya sayari yaliyokokotolewa kwa mbinu za Copernicus. Walichukua hesabu, wakaliacha wazo. Kwa miaka 73 Kanisa Katoliki nalo halikukipiga marufuku kitabu hicho.

Je, mimi na wewe tungesemaje mwaka 1600? Nimejiuliza swali hili mara nyingi, na sina uhakika kwamba ningekuwa upande wa Copernicus. Hesabu zake hazikuwa sahihi zaidi sana kuliko za zamani, kwa sababu alishikilia miduara kamili na bado alihitaji viduara vidogo. Kisha kuna pingamizi la jiwe: dunia ikizunguka kwa kasi, jiwe linalodondoshwa kutoka mnarani lisiachwe nyuma kwa nini? Na lilikuwepo pingamizi la nyota, lililokuwa zito kuliko yote. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kinaruka dhidi ya ukuta. Dunia ikiwa upande huu wa jua mwezi Januari na upande ule mwezi Julai, nyota za karibu zingepaswa kuruka vivyo hivyo dhidi ya zile za mbali. Tycho Brahe wa Denmark, mtazamaji bora kuliko wote kabla ya darubini, hakuona nyota yoyote ikisogea. Basi ama dunia imetulia, ama nyota ziko mbali mno. Na kwa kuwa nyota zilionekana kuwa na upana fulani, kuziweka mbali kiasi hicho kulimaanisha kila moja ni kubwa kupita kiasi, jua letu likawa si kitu mbele yake. Ajabu ni kwamba Christoph Rothmann, mfuasi wa Copernicus, alimjibu Tycho kwa hoja ya dini: ukuu wa Mungu hauna mpaka, ziwe kubwa zitakavyo. Tycho alikuwa na vipimo, Rothmann akiwa na imani. Leo tunajua kwamba upana ule ulikuwa hila ya macho na hewa.

Tycho alipendekeza njia ya tatu: dunia imetulia, jua linaizunguka, na sayari nyingine zote zinalizunguka jua. Mpangilio huu msomaji auweke akilini, kwa sababu ndio uliokuwa mpinzani wa kweli wa Copernicus katika karne ya 17.

Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 Galileo Galilei, akiwa Padua, aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Mshtarii akaona vinyota 3 vimejipanga mstari mmoja, viwili mashariki na kimoja magharibi. Kesho yake vyote 3 vilikuwa magharibi. Tarehe 13 vikawa 4. Vilikuwa miezi ya Mshtarii, na tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba kila kitu mbinguni kinaizunguka dunia. Mwisho wa mwaka huo akaishika Zuhura. Ukitaka kuelewa alichokiona, umeme ukikatika usiku washa mshumaa mezani, chukua chungwa, ulizungushe taratibu kando ya mshumaa huku ukilitazama. Likiwa nyuma ya mshumaa unaona karibu uso wake wote umeangaza. Likija upande wako linabaki ukingo mwembamba tu. Zuhura ilifanya hivyo hivyo: ndogo na karibu kamili ilipokuwa mbali, kubwa na nyembamba kama mwezi mwandamo ilipokaribia. Kwa Ptolemaio, Zuhura hukaa siku zote upande wetu wa jua na haiwezi kuonekana karibu kamili. Wajesuiti, watawa wasomi wa Kikatoliki, wa Chuo cha Roma, akiwemo mzee Christoph Clavius aliyefanya kazi kubwa katika kalenda mpya ya mwaka 1582, walitazama wenyewe na mwaka 1611 wakathibitisha. Ptolemaio akafia hapo. Ila Tycho alibaki mzima kabisa, kwani kwake pia Zuhura inalizunguka jua.

Sasa Maandiko. Yoshua alilisimamisha jua juu ya Gibeoni. Zaburi ya 104 inasema nchi imewekwa juu ya misingi yake isitikisike milele. Mwaka 1615 Galileo alimwandikia Christina wa Lorraine, mama yake mtawala wa Toscana, kwamba Maandiko husema kama watu wanavyosema, ili waeleweke. Sisi tunaosema jua limechwa hoja hiyo tunaielewa haraka. Lakini wakati ulikuwa mbaya. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1546, ulikuwa umeshakataza kuyafasiri Maandiko kinyume cha mababa wa Kanisa, kwa sababu Waprotestanti walikuwa wakiyafasiri wenyewe, na hapa mwanahisabati asiye padri alikuwa akiwafundisha wanateolojia kazi yao. Kadinali Roberto Bellarmine aliandika Aprili 1615 kwamba kama ushahidi wa kweli ungekuwepo, ingebidi kuyafafanua Maandiko upya kwa uangalifu, hata kukiri kwamba hatukuyaelewa. Ila yeye hakuamini kwamba ushahidi huo upo. Nadhani alikuwa na haki ya kuuomba. Kosa lilikuja Februari na Machi 1616, pale kitabu cha Copernicus kiliposimamishwa mpaka kisahihishwe na Galileo akaonywa asilitetee wazo lile. Ushahidi uliokuwa ukidaiwa ukawa hauruhusiwi kutafutwa hadharani.

Masahihisho yenyewe yalitoka mwaka 1620: sentensi chache, nyingi zikigeuza ukweli kuwa makisio. Nakala za kitabu kile zilizobaki hadi leo zinaonyesha jambo la kustaajabisha. Nyingi zilizokuwa Italia zimefutwa mistari kwa wino kama ilivyoagizwa. Nje ya Italia, hata katika nchi za Kikatoliki, karibu zote hazikuguswa.

Galileo alichapisha mwaka 1632 majadiliano yake juu ya mipangilio miwili ya ulimwengu, na hoja aliyoipenda Papa Urbano wa Nane akaitia kinywani mwa mhusika anayeshindwa kila mara. Tarehe 22 Juni 1633, huko Roma, mzee wa karibu miaka 70 alipiga magoti akaikana imani yake juu ya mwendo wa dunia. Kati ya makadinali 10 waliohusika, 7 ndio waliotia saini hukumu. Alibaki chini ya ulinzi nyumbani kwake Arcetri, akapofuka, akafariki mwaka 1642. Hoja aliyoitegemea zaidi kitabuni, kwamba maji kupwa na kujaa husababishwa na mwendo wa dunia, haikuwa sahihi. Huko Uholanzi, René Descartes aliposikia habari ya hukumu aliacha kuchapisha kitabu chake kuhusu ulimwengu. Woga wa namna hiyo haupimiki, na ndiyo hasara kubwa.

Wakati macho yote yalikuwa kwa Galileo, kazi iliyoamua shauri ilikuwa imeshafanyika kaskazini. Johannes Kepler, Mlutheri aliyesomea uchungaji, alirithi vipimo vya Tycho. Alijaribu kuilazimisha Mirihi iende kwenye duara, akabaki na tofauti ya sehemu 8 za 60 za digrii moja, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angeipuuza. Kepler alijua Tycho hakosei kiasi hicho, akavunja hesabu yote na kuanza upya, na mwaka 1609 akatangaza kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu, yaani mviringo uliorefuka kidogo. Viduara vyote vikaanguka. Majedwali yake ya mwaka 1627 yalijengwa juu ya jua lililo katikati, na yalikuwa sahihi kuliko yote yaliyotangulia.

Usahihi huo ulipimwa mbele ya macho ya mtu. Kepler alitabiri kwamba Novemba 1631 Utaridi itapita mbele ya jua, kisha akafariki mwaka mmoja kabla. Jijini Paris Pierre Gassendi, padri Mkatoliki, alitia giza chumbani akapitisha mwanga wa jua kwenye darubini mpaka ukaangukia karatasi nyeupe. Siku zilizotangulia kulikuwa na mawingu. Asubuhi ya tarehe 7 mawingu yakafunguka, naye akaona kitone cheusi kidogo hata akakidhani ni doa la kawaida la jua. Akakiwekea alama. Baada ya muda kilikuwa kimesogea, kwa haraka ambayo doa la jua haliwezi. Kepler alikuwa amekosea kwa pungufu ya nusu ya upana wa mwezi. Majedwali ya zamani yalikosea kwa digrii kadhaa. Mwaka 1640 padri huyohuyo alidondosha mawe kutoka juu ya mlingoti wa merikebu iliyokuwa ikienda kasi huko Marseille. Yaliangukia penye shina la mlingoti, hayakuachwa nyuma. Pingamizi la jiwe na mnara likaishia baharini.

Makanisa yenyewe yakawa vyombo vya kupimia. Mwaka 1655 Giovanni Domenico Cassini alichora mstari wa takriban mita 67 sakafuni mwa kanisa kubwa la San Petronio huko Bologna, ndani ya himaya ya Papa. Juu darini, mita 27, palikuwa na tundu dogo. Kila adhuhuri duara la mwanga lilivuka mstari ule. Wakuu wa Kanisa walitaka kujua kwa hakika siku za majira, ili Pasaka ipangwe sawasawa. Cassini alipima pia upana wa duara lile. Jua linaonekana kwenda haraka zaidi majira fulani ya mwaka. Je, ni umbali tu unaotudanganya, au kasi inabadilika kweli? Kama ni umbali peke yake, taswira ya jua ingepaswa kubadilika upana mara mbili ya alivyoipima. Kumbe nusu ni umbali na nusu ni kasi, kama Kepler alivyosema. Kipimo hicho hakikusema nani anamzunguka nani, kwa hiyo kilichapishwa bila tatizo. Lakini kila aliyekitumia alikuwa amekubali nusu ya hesabu za Kepler akiwa amesimama kanisani. Mjesuiti Giovanni Battista Riccioli wa mji huohuo, aliyepanga mwaka 1651 hoja 126 za pande zote na kuamua dhidi ya Copernicus, alilipa shimo mojawapo kubwa la mwezini jina la Copernicus. Bado linaitwa hivyo.

Baada ya Isaac Newton, mpangilio wa Tycho ulikosa pumzi. Kitabu chake cha mwaka 1687 kilionyesha kwamba sheria moja ya mvutano inaeleza duaradufu za Kepler, mwezi, na maji kupwa na kujaa. Kwa sheria hiyo, jua zito haliwezi kuizunguka dunia nyepesi. Edmond Halley akaitumia kusema kwamba nyotamkia ya mwaka 1682 itarudi mwishoni mwa 1758, na usiku wa Krismasi ya mwaka huo mkulima Johann Georg Palitzsch, karibu na Dresden, akaiona. Kwa sadfa, orodha ya vitabu vilivyokatazwa iliyotoka Roma mwaka huohuo haikuwa tena na katazo la jumla dhidi ya vitabu vinavyofundisha mwendo wa dunia.

James Bradley wa Uingereza naye alikuwa akiitafuta ile miruko ya nyota. Aliona nyota moja inayopita juu ya London ikisogea kila mwaka, ila upande usiotarajiwa. Mwaka 1728 akaelewa. Mvua inaponyesha wima na wewe umekaa kwenye bodaboda inayokimbia, matone hukupiga usoni. Nuru ya nyota hutupiga hivyo, kwa sababu dunia inakimbia ndani yake. Kusogea kulikuwa kama sekunde 20, sekunde moja ikiwa sehemu ya 3,600 ya digrii.

Hata hivyo, mwaka 1820 Giuseppe Settele, kanoni na profesa huko Roma, aliomba idhini ya kuchapisha kitabu cha kufundishia kilichosema wazi kwamba dunia inazunguka. Msimamizi wa uchapaji wa Papa, Filippo Anfossi, akagoma. Baraza lilelile lililomhukumu Galileo likamkatalia Anfossi, Papa Pius wa Saba akaridhia, na mwaka 1822 vitabu vya aina hiyo vikaruhusiwa rasmi. Orodha ya mwaka 1835 ikatoka bila Copernicus, Kepler wala Galileo.

Miaka 3 baadaye, huko Königsberg, mwanafalaki Friedrich Bessel alimaliza kuipima nyota hafifu iitwayo 61 Cygni. Iliruka, kama kidole gumba dhidi ya ukuta. Pembe aliyoipata ilikuwa kama theluthi ya sekunde moja, sawa na upana wa ukucha wa sentimita 1 ukitazamwa kutoka zaidi ya kilomita 6. Nyota hiyo iko mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri zaidi ya miaka 10 kabla ya kutufikia, na ni mojawapo ya majirani zetu wa karibu.